Wastani wa Sabina

Masista wa shule ile ya Iringa hawakuwa na mchezo: mwanafunzi akishuka chini ya wastani, anafungashiwa virago. Ndiyo maana shule yao inasifika kwa kufaulisha, na ndiyo maana Tusajigwe, mjane na mkulima wa viazi wa Mbalizi, alipigiwa simu akapanda basi roho juu.

"Muhula uliopita Sabina alikuwa wa kwanza," alisema Sista Benedicta, mkuu wa shule. "Safari hii hata mimi sielewi. Atarudia mitihani. Akishindwa tena, mama, utamhamishia shule ya kata huko kwenu."

Shule ya kata Tusajigwe aliijua. Happy, binti wa jirani, anasoma pale. Darasa limefurika mpaka mlangoni, na mwalimu wa fizikia wanamsikia tu. Lakini kila jioni Happy hurudi kwao, humsimulia mama yake vituko vya siku nzima, na vicheko vyao huvuka ua vikamfikia Tusajigwe jikoni. Alikuwa akiwaonea wivu, tena wivu mkali.

Alimkuta bintiye kwenye benchi la wageni, sketi imenyooka kwa pasi.

"Ugonile, mama," Sabina alimsalimia Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, maana pale lugha ni Kiingereza tu.

"Maswali yalikushinda, mwanangu?"

"Hayakunishinda. Niliyaacha wazi."

"Makusudi?"

"Kila ukija unasema huna wa kula naye, chakula hakipiti. Nikifukuzwa nitasoma na kina Happy, jioni tunakula wote."

Tusajigwe alikumbuka. Ni kweli alisema. Rungwe alikokulia, kula peke yako ni jambo la kuonewa huruma, na kila siku ya wageni alimmiminia mtoto upweke wake pamoja na karanga, asifikirie kwamba mtoto angeuchukua akaufanyia kazi. Sasa moyo wake ulitaka kusema, "Fungasha, twende." Ulitaka sana, jamani.

"Hayo yalikuwa ya zamani," alisema, akijitahidi kucheka. "Siku hizi naishi na Esta, yule mtoto wa shangazi yako. Nyumba imechangamka! Analala kitandani kwako."

Esta alikuwa kwao Tukuyu, wala hakuwahi kukanyaga Mbalizi.

"Kitandani kwangu?"

"Si kilikuwa kitupu?"

Sabina alijinyoosha sketi iliyokwisha kunyooka. Machozi yalimlengalenga.

"Sawa, mama. Nitarudia mitihani, na nitafaulu. Likizo nitabaki hapahapa na wale wanaokaa kambi ya masomo, nisije nikawabana."

Tusajigwe alitaka kumwambia hapana, njoo, nyumba nzima ni yako. Lakini hapo mtoto angejua kwamba Esta hayupo.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Baki usome."