Umri wa Shemeji Ikupa

Umri wa shemeji Ikupa niliutunga mimi. Mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Mbebe, nilikuwa katibu na daftari la kuandikisha watu lilikuwa mikononi mwangu. Ikupa, mke wa kaka yangu, alipofika mezani nikamuuliza amezaliwa lini.

"Andika unavyoniona, shemeji."

Utani wetu haukuwa na breki. Nikaandika 1937, nikampunguzia miaka kumi na mitano, foleni nzima ikacheka. Akaenda zake akitembea kama mwali.

Mwaka 1981 akaanza kutokwa damu. Siku zake zilikuwa zimekoma zamani, kaka yangu angali hai. Pale zahanati, mganga, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akasoma kadi iliyonakiliwa kutoka daftari langu: miaka arobaini na minne.

"Ni siku zako tu, mama. Umri wako wa kukoma bado," akasema, akampa vidonge vya kuongeza damu.

Ikupa aliona haya kumweleza kijana yule kwamba alishakoma. Mwaka mzima akawa anarudia vidonge vilevile.

Nilijua. Mke wangu Tabita alimkuta mtoni alfajiri akifua vitambaa, akaja kuniambia, "Baba Ruti, nenda ukamwambie mganga umri wa kweli." Sikwenda. Kuchezea daftari la serikali enzi zile hakukuwa jambo dogo, na mimi ni mwoga, nakiri. Nikawa nampita Ikupa njiani, namtania kama kawaida, huku namwona anavyokwisha.

Jembe lilipomshinda, mwanawe wa kwanza, Tuntufye, akampeleka hospitali Mbeya, nami nikafuatana nao. Walimkwangua kizazi, wakatuma kinyama ndani ya chupa Dar es Salaam kikapimwe. Tulingoja wiki sita. Majibu yakasema ni saratani ya mji wa mimba.

Tuntufye akapewa fomu ya kukubali mama yake apasuliwe. Mahali pa umri wake mwenyewe akaandika arobaini. Daktari akaitazama fomu, kisha akaitazama kadi ya mgonjwa, iliyosema arobaini na mitano.

"Mama alikuzaa akiwa na miaka mitano?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema yote.

"Mwanamke aliyekwisha kukoma akiona damu, hata tone, hatungoji," daktari akasema taratibu. "Angeletwa mwaka jana, pengine kutoa kizazi kungetosha. Sasa nikimpima naona ugonjwa umeshatoka nje. Nitampasua, kisha aende Dar kwa mionzi. Zaidi ya hapo siahidi."

Nilikwenda kitandani kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile uliponiandika nilifurahi sana, shemeji," akasema. "Ila kwenye msalaba wa kaburi langu uniandikie umri wangu wa kweli."