Harufu ya Jike Mfukoni mwa Fundi

…elfu themanini, si sabini na tisa, elfu themanini za kumalizia deni la kabati, fundi alikuwa ameshazitaja mara nne, na mara zote nne mwalimu mstaafu alisimama palepale, mkono mmoja kwenye mlango wa kabati, mwingine ukifukuza wadudu, akirudia kwamba halipi hata senti kwa mbao zenye wadudu… mbao zenye wadudu, yeye, ambaye hakufundishwa randa na mtu ila macho yake mwenyewe, anayekausha mbao miezi minane, anayemwambia mteja usoni kwamba hii imepinda, iache, leo aambiwe anauza malisho… na kweli wapo, hilo hakatai, sita, wa saba huyo anatua, weusi kama mbegu za papai, lakini kabati amelipapasa chini, nyuma, mpaka ndani ya droo, hakuna tundu hata moja, sasa hawa wametokea wapi, “Unanisikia, fundi?” anasikia, ngoja kwanza amtoe huyu wa shingoni, Jumatatu ilikuwa hivihivi, Alhamisi hivihivi, yeye akija kudai na wao haohao, na mwalimu kasema kwa kebehi kwamba wiki nzima huwa hawaonekani mpaka fundi abishe hodi, “unakuja nao”… anakuja nao… huyu wa shingoni ameshuka kifuani, na yule, na yule, wote wanauzunguka mfuko wa shati kama wachumba waliokutana mlangoni kwa binti mmoja… mfuko wa shati… mama yangu… kile kifuko cha bwana misitu, kilichotiwa harufu ya jike, maana jike wa wadudu hawa hamwiti dume kwa sauti, alieleza bwana misitu, anatoa harufu, na dume anainasa kwa pembe zake za kichwani, anaifuata jioni mpaka alipo, kitundike mtegoni karakana, akasema, wiki sita usikiguse, na nani alikigusa kila jioni akifunga karakana, akakitia mfukoni ili harufu isiishe bure yeye hayupo, kama mtu anavyozima taa akitoka, mkewe akamuuliza, mume wangu, kitu cha kuita madume unakibeba kifuani cha nini, akamjibu kwake hakuna kinachowaka bure, na mtego ulipobaki mtupu akamwambia bwana misitu, mbele za watu, kwamba elimu yake haikamati hata inzi… na sasa madume saba wazima wamemposa yeye, mwenye ndevu na wajukuu… lakini wametoka wapi, kama si kabatini… akainua macho, boriti za dari, zimetobolewa kama chujio, na ule unga juu ya kabati aliokwisha kuupangusa mara mbili akidhani ni vumbi… kumbe linaloliwa ni paa, mbao zake safi, ameshinda, ameshinda kabisa, ila kushinda kwenyewe ni kutoa kile kifuko mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimwita mzushi Jumatatu, au aufunike mfuko kwa kiganja, aage, na siku paa likimwangukia mwalimu… hapana, yeye hajawahi kumuuzia mtu nusu ya neno… mwalimu bado kashika mlango wa kabati, fundi akatoa kifuko, akakiweka mezani, na wote saba wakakifuata.

“Mwalimu, wadudu ni wa paa lako. Mimi ndiye niliyewaita, kwa hiki, kosa langu. Kabati ni zima. Elfu themanini.”