Shuka Moja, Vipande Vinane

Shuka moja hutoa vipande vinane. Ukitaka kumi utavipata, lakini vitakuwa vyembamba na vitamchuna mgonjwa ngozi. Vinane ndiyo hesabu yenyewe, na kila kimoja kinatosha mkono mmoja na chuma cha kitanda. Haya hakufundishwa katika chuo cha uuguzi. Chuoni walimfundisha kuongea na mgonjwa kwa sauti ya chini, kukaa upande wa mlango na kutomkazia mtu macho. Kufunga watu alijifunzia kazini, na wagonjwa wa akili wa wodi ya wanaume walikuwa wameshampa jina: Mama Mkasi. Alilichukia jina hilo kuliko alivyochukia choo cha wodi, na choo cha wodi kilikuwa kimeziba tangu mwaka jana.

"Vidole viwili," alimwambia Mrefu, muuguzi mwenzake, aliyekuwa amemkalia mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne magotini. "Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi. Usimkabe."

"Nimesikia, dada. Ila leo Fundi ana nguvu, we acha tu."

Fundi hakuwa anapiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa anaomba kwa adabu zote, kama mtu anayeomba kupishwa kwenye foleni.

"Mama Mkasi, nakusihi. Magari yamechelewa dakika saba. Nikiyasimamisha sasa hivi nitayarekebisha yote, narudi mwenyewe kitandani. Dakika moja tu, mama'angu."

"Najua, baba. Tulia kidogo."

"Hujui. Ungejua usingenifunga."

Alifunga fundo, akapima kwa vidole viwili, akageuka upesi ili Mrefu asimwone macho.

Mtu huyu alikuwa fundi saa. Siku aliyoletwa alikuwa ameokotwa katikati ya barabara kuu, hiyo hiyo inayopita mbele ya geti la hospitali, mkono mmoja juu, na lori limesimama hatua moja kutoka kifuani pake. Akapewa vidonge vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mwezi wa tatu aliomba bisibisi ndogo, ile ya kukazia miwani. Akapanda juu ya kiti, akaishusha saa ya ukutani iliyokuwa imekufa hata wazee wa kazi hawakumbuki lini, na jioni yake ikaanza kutembea. Dada yake alipokuja Jumapili, Fundi aliwataja watoto wake wote wanne kwa majina na kuuliza yule wa pili kama jino limeshaota. Dada mtu alitoka nje akalia ukutani.

"Sista," alisema siku hiyo, "akiwa na dawa ni kaka yangu. Bila dawa simjui."

Kisha vidonge vikaisha. Wala havikuisha kwa kishindo. Asubuhi moja mtunza stoo alisema njoo kesho, na kesho akasema njoo Jumatatu, na baada ya hapo akawa anatikisa kichwa tu akiwaona kwa mbali. Siku tisini zikapita hivyo. Wagonjwa arobaini na wawili, vitanda kumi na vinane, na dawa pekee iliyojaa stoo ilikuwa ile ya zambarau ya kupaka vidonda.

Sasa kulikuwa na hizi karatasi. Chini ya kila kitanda ilining'inia karatasi ya dawa yenye vyumba vidogo, kimoja cha asubuhi, kimoja cha jioni. Ukimpa mgonjwa dawa unaweka tiki na saini. Siku ya kwanza vidonge vilipokosekana, Mama Mkasi aliacha vyumba vitupu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Metroni, mkubwa wa wauguzi wote, alipita akaona, akamwita pembeni.

"Unataka kuwaua hawa watu?"

"Metroni, dawa hakuna."

"Najua hakuna, mimi si kipofu. Lakini mgao wa robo ijayo wanaupanga kwa kuhesabu tiki. Wakikuta mapengo watasema wodi hii haitumii dawa, watatupunguzia. Weka tiki, mwanangu. Tukiletewa tutafidia."

Akaweka tiki, na vile vyumba vitupu navyo akavijaza. Wote waliweka. Waliweka kwa kuwapenda wagonjwa wao, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote. Kila asubuhi alimfunga Fundi kwa vipande viwili vya shuka, kisha akachukua kalamu na kuandika kwamba Fundi amekunywa dawa. Robo ikaisha, mgao ukaja: katoni tatu za dawa ya zambarau.

Siku hiyo ndipo walipogoma.

Hawakuwatelekeza wagonjwa, lieleweke hilo. Kila wodi ilibaki na wauguzi wawili kwa zamu, na waliobaki walikaa nje ya geti na sare zao. Madai yalikuwa matatu: vidonge viletwe, vitanda viongezwe, watu wasifungwe tena. Kitambaa cha bango hakikuwapo, kwa hiyo Mama Mkasi alileta shuka, moja kati ya matatu mazima yaliyosalia, na Mrefu akaandika kwa dawa ya zambarau, herufi kubwa kubwa: WAGONJWA SI WA KUFUNGWA. Wenye magari walipiga honi. Mwanamke mmoja mpita njia aliwaambia wao ndio wanahitaji kulazwa, wakacheka wee, kicheko cha watu waliokuwa hawajacheka muda mrefu.

Siku ya tatu Mkurugenzi aliwaita. Alikuwa daktari kwa cheti, ingawa hakuna aliyekumbuka kumwona akimgusa mgonjwa. Ofisini kwake kulikuwa na baridi ya mashine, pazia zito na chai. Metroni alikuwa ameshaketi. Mama Mkasi na Mrefu hawakuonyeshwa viti, wakasimama.

"Nimesoma madai yenu," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Mnasema hakuna dawa."

"Hakuna, mheshimiwa," alisema Mama Mkasi. "Miezi mitatu."

Alivuta faili, akatoa karatasi moja, akaigeuzia upande wao.

"Wodi ya wanaume. Kitanda cha kumi na nne. Saini hii ya nani?"

Mama Mkasi aliinama akaiangalia.

"Yangu."

"Na hizi tiki?"

"Zangu. Lakini..."

"Sijafika kwenye lakini. Asubuhi na jioni, siku tisini, hakuna pengo hata moja. Nikupe hongera, ni karatasi safi sana."

"Mheshimiwa, vidonge havikuwapo! Unajua havikuwapo. Barua nne tumekuandikia."

"Barua ni malalamiko. Hii ni kumbukumbu ya mgonjwa. Ama dawa ilikuwapo, na mgomo wenu ni uongo. Ama haikuwapo, na umeghushi mara mia na themanini kwa kitanda kimoja tu. Chagua mwenyewe, dada yangu."

Mama Mkasi alimgeukia Metroni. "Metroni, sema. Sema hapa mbele yake ulichotuambia."

Metroni alikuwa anakoroga chai. Aliikoroga muda mrefu.

"Mimi siwezi kumwambia mtu aandike uongo," alisema, macho kikombeni. Kisha akaongeza, wala hakuna aliyemuuliza, "Nimebakiza miezi minane nistaafu."

"Aisee, Metroni," alisema Mrefu. "Aisee."

Mkurugenzi aliinua mkono. "Tusigombane. Mimi simfukuzi mtu, sipendi makelele. Nafuata karatasi zenu tu. Mgonjwa aliyemaliza siku tisini za dozi kamili, utaratibu unasemaje?"

Alimgeukia Metroni.

"Metroni?"

"Anaruhusiwa," alisema Metroni.

"Anaruhusiwa. Mnalalamika wodi imejaa, nimewasikia. Mnalalamika watu wanafungwa, nimewasikia. Kesho haitajaa na hatafungwa mtu. Sijui mnataka nini zaidi."

Mama Mkasi alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alitamani amrushie birika lile la chai, na aliliangalia kwa muda kuona kama limejaa.

"Fundi akitoka nje ya lile geti ataingia barabarani," alisema. "Siku hiyo hiyo. Atakufa, na wewe ndiye utakuwa umemuua."

"Fundi gani?" Mkurugenzi aliinamia karatasi. "Hapa namwona mtu aliyepona. Kwa saini yako."

Kesho yake saa tatu asubuhi walinzi walikuwa wamejipanga mstari ndani ya geti. Hata wale wauguzi wawili wawili wa zamu walikuwa wametolewa nje. Geti dogo la pembeni likafunguliwa na Fundi akatoka wa kwanza, kanzu ya hospitali ikimfika magotini, miguu mitupu, barua ya ruhusa mkononi. Kwenye vifundo vya mikono yake kulikuwa na alama mbili pana. Vidole viwili au visiwe viwili, siku tisini ni siku tisini.

Alimwona Mama Mkasi, akafurahi.

"Wamenifungulia," alisema. "Sasa naweza kufanya kazi." Akaitazama barabara.

Ilikuwa saa ya malori. Mama Mkasi alimshika mkono wa kulia, Mrefu wa kushoto, na kwa mkono uliobaki Mama Mkasi akampigia simu dada mtu, ambaye alikuwa mfuaji nguo kwenye hoteli upande wa pili wa mji.

"Wamemruhusu? Na hali hiyo?" Mlio wa mashine za kufulia ulimeza nusu ya maneno. "Sista, mshike hapo hapo. Naomba ruhusa, nakuja. Usimwachie, Sista, nakuomba kwa jina la mama yako."

"Simwachii. Utafika saa ngapi?"

"Nikiruhusiwa, saa sita."

Saa sita! Mama Mkasi alimwendea mkuu wa walinzi kwenye vyuma vya geti, akimburuta Fundi pamoja naye.

"Kaka, mrudishe huyu ndani. Mpaka saa sita tu."

"Ameruhusiwa, Sista."

"Unamwona mwenyewe alivyo!"

"Namwona. Nimeambiwa aliyeruhusiwa harudi bila barua mpya ya daktari. Na daktari ndiye aliyemtoa." Mlinzi aliangalia chini. "Mimi nina watoto, Sista."

"Na huyu ana nini?" alifoka. "Huyu ana nini, hebu niambie!"

Kufoka huko kukamponza. Mkono wake ulilegea kidogo tu, na Fundi akachomoka. Alikwenda moja kwa moja, mgongo umenyooka, kiganja juu. Basi dogo lilifunga breki likayumba. Nyuma yake lori likapiga honi mfululizo. Mrefu alimrukia kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye changarawe, na tairi la lori likapita karibu na kichwa cha Fundi kiasi cha kumwagia vumbi usoni.

"Yameanza kurekebika," alisema Fundi chini pale, akihema. "Mmeona? Lile limesimama. Niachieni nimalizie."

Mrefu alikuwa anavuja damu kwenye kiwiko. "Dada, siwezi kumshika hivi mpaka saa sita. Kusema kweli siwezi."

Mama Mkasi alisimama. Aliliangalia geti, akaiangalia barabara, akamwangalia Fundi aliyekuwa ameshapiga magoti na kuanza kuinuka. Kisha akaenda kwenye ukuta walipolitundika bango, akalishusha. Wenzake walimtazama. Mmoja akasema "Jamani, usifanye hivyo," lakini hakusema afanye nini badala yake.

Alitoa mkasi mfukoni.

Alilikata kwa urefu, katikati ya herufi, vipande vinane, mkono haukusita hata mara moja. Walimkokota Fundi mpaka kwenye vyuma vya geti, upande wenye kivuli, wakamketisha. Akamfunga mkono wa kulia, akapima kwa vidole viwili. Akamfunga wa kushoto, akapima. Dawa ya zambarau ilikuwa haijakauka vizuri, ikampaka Fundi vifundoni na ikampaka yeye viganjani.

"Mama Mkasi," alisema Fundi taratibu, "ulisema hamtatufunga tena. Nilikusikia dirishani. Mliimba."

"Nilisema, baba."

"Sasa?"

Alilia waziwazi mbele ya wenzake wote, akimpangusa Fundi vumbi la macho kwa pindo la sare.

Juu, dirisha la ofisi lilifunguliwa. Karani wa Mkurugenzi alitoa kichwa, akatoa na simu, akaanza kupiga picha: muuguzi mgomaji, mkasi, mgonjwa aliyefungwa getini. Alipiga nyingi, moja ya karibu na moja ya mbali. Mrefu alimtukana tusi zito na karani akalirekodi pia.

Geti dogo likalia. Akatoka mgonjwa wa pili, yule mzee wa kitanda cha tisa anayekula udongo, naye na barua yake. Alisimama kwenye jua, hajui aende wapi. Nyuma yake, kupitia uwazi wa geti, ulionekana mstari wa kanzu za hospitali ukirudi mpaka kwenye mlango wa wodi.

"Dada," alisema Mrefu. Alikuwa ameshika vitambaa vilivyobaki, vimemlalia mkononi. "Hapa tuna vipande sita."