Ukurasa wa Themanini na Tano

Ijumaa ya kufunga shule, mwezi wa sita, Madam Cresensia alifungua kabati la vitabu, akakaa na daftari lake la kuazimishia vitabu, akaanza kuwagawia kidato cha tatu riwaya za likizo. Hakuuliza mtu anapenda nini. Alimtazama mwanafunzi mikono, kisha akachagua. Dickson, mwenye mikono laini, alipewa riwaya ya mpira. Goodness alikuwa na sugu viganjani kwa kubeba ndoo, akapewa kitabu chembamba cha jalada la bluu, kuhusu binti aitwaye Tatu aliyetoroka kwao kumtafuta dada yake ng'ambo ya mto.

"Hiki utakisoma bila kupumua," alisema Madam. "Shule ikifunguliwa, kila mmoja atasimama kunieleza kitabu chake kiliishaje. Atakayesimulia vizuri, naenda naye Arusha kuchagua vitabu vipya."

Goodness hakuwahi kupita Karatu mjini. Alianza kusoma njiani kuelekea kwao Endamarariek, akijikwaa kwenye makorongo, na Jumapili baada ya misa alikuwa ukurasa wa themanini na tano. Tatu alikuwa amefika ukingoni mwa mto. Hapo maji yakaanza kutoka kitabuni. Yalimlowesha sketi, yakateremka hadi kwenye banda la kuku.

Mama yake, Martha, aliyaonja. "Hayana magadi kama ya kisimani," alisema, akaenda kuleta ndoo.

Kisima kipo mwendo wa saa moja na nusu, na huo ni wa kwenda tu. Bomba nalo lipo. Linapita chini ya shamba lao la mbaazi, likitoka chemchemi ya msituni kwenda hoteli ya wageni, na ukilala kifudifudi kwenye mbaazi unalisikia. Kwa hiyo kufikia Jumatatu foleni ilikuwa imefika kwa kina Dickson, na Naftali, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa ameshaandika ratiba.

Walijaribu kumpumzisha Goodness, asikishike kitabu kutwa. Walipoweka jiwe juu ya ukurasa, maji yalikata. Katekista Remigius alipokishika yeye, lilitoka tope kikombe kimoja. Daftari la Madam lilikuwa na jina la Goodness, na maji yaliliheshimu jina hilo kuliko watu walivyoliheshimu. Akaletewa kigoda. Wakasema shida imekwisha, na hakuna aliyeangalia nani amekalia kigoda.

Miguu yake haikutulia. Goti lilicheza tangu asubuhi, vidole vya miguu vikachimba vishimo kwenye vumbi. Ukurasa wa themanini na tano aliujua hadi mikato yake. Wa themanini na sita ulikuwa nyuma ya kidole gumba chake, na jioni, foleni ilipoisha, kitabu kilifungiwa kwenye sanduku la Naftali kwa usalama.

"Baba, naomba nikisome hapahapa sebuleni kwako," alisema Goodness.

"Mwanangu, hiyo sasa ni mali ya umma," alijibu Naftali, akaweka ufunguo mfukoni.

Siku ya kumi uvumilivu ulimshinda, akafunua. Aliona sentensi moja: Tatu akavua viatu. Maji yakakata, na ndoo iliyokuwepo ilikuwa ya mama yake Dickson, imefika nusu.

"We binti, rudisha huko!" alifoka mama yule. "Huyo wa kitabuni hali chakula. Mimi nina makande jikoni."

Goodness akarudisha. Tatu alivua viatu ili avuke, au aingie kuchota? Swali hilo lilimwasha mwili mzima kama upupu. Usiku alijigeuza kitandani hadi mdogo wake akahamia kwa mama.

Kwenye mkutano wa kitongoji, ajenda ya kudai maji ya bomba iliahirishwa, kwa kuwa haikuwa na haraka tena. Meneja wa hoteli alituma salamu za shukrani: mwezi mzima hakuna aliyekwenda kwake kulalamika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bwawa la kuogelea hajui ndoo ina uzito gani.

Shule ikafunguliwa, na Naftali akalazimika kumpa Goodness kitabu akirudishe. Dickson alisimama akiwa na shati jeupe, lililofuliwa kwa maji ya ukurasa wa themanini na tano, akaeleza jinsi mechi ilivyoamuliwa kwa penalti. Darasa likampigia makofi. Ikafika zamu ya Goodness.

"Tatu alifika mtoni," alisema. "Akavua viatu."

"Halafu?"

"Kuna foleni, Madam."

Madam Cresensia alimtazama mikono. Sugu za ndoo zilikuwa zimelainika. Kwenye vidole gumba viwili kulikuwa na sugu mpya. Aliandika "hajamaliza" pembeni ya jina lake, na iliyochaguliwa kwenda Arusha ilikuwa mikono ya Dickson. Goodness alilia kidogo. Aliitaka sana safari ile.

"Sijakufuta kwenye daftari," alisema Madam. "Kaa nacho leo, ukimalize."

Goodness alikifungua juu ya dawati. Goti lilianza kutulia. Ndipo mpishi wa shule akapiga hodi mlangoni, ndoo mbili mkononi, akasema mkuu wa shule amesikia habari za Endamarariek, na maharage yako mekoni tangu saa moja.

Madam aliangalia daftari. Jina lilikuwa lilelile.

Goodness alisimama. Alikuwa amefika ukurasa wa themanini na sita, mstari wa pili. Akarudisha nyuma ukurasa mmoja, akamfuata mpishi.