Msumari Ndani ya Tairi la Chef

Kidole cha Djuma kilikuwa kinapita ndani ya tairi la pikipiki ya Chef kilipogusa ncha. Hakuhitaji kutazama ajue ni nini. Msumari uliokunjwa katikati, ncha zote mbili zimenolewa kwa tupa, ili hata ukianguka vipi barabarani, ncha moja ibaki inatazama juu.

Ya Rabi, alijisemea, kwa nini huyu, na kwa nini leo?

Fundi wa matairi Kisangani anaitwa quado, na quado ana desturi yake: kitu alichokitoa ndani ya tairi humwekea mwenye pikipiki kiganjani, akione kwa macho yake, asije akasema fundi ndiye kamtoboa. Kisha hakitupwi barabarani kutoboa wengine. Kinaingia kwenye kopo la maziwa. Kopo la Djuma lilikaa chini ya meza, kwenye njia ya Banalia, karibu kabisa na barrière, kamba ya askari iliyokatiza barabara: vipande vya chupa, nyaya, miba ya michikichi. Na tangu kiangazi, misumari hii ya kukunjwa, mingi.

Nani asiyejua inatoka wapi? Motard, dereva wa pikipiki ya abiria, akipata pancha pale hawezi kukimbia. Anasukuma pikipiki mpaka kwenye kamba, anatoa alichonacho, basi. Na wenye kamba walikuwa vijana wa Chef, mkuu wao. Wote walijua, wote wakafunga mdomo. Nani ajitafutie makubwa? Sasa Chef mwenyewe kapita juu ya kazi ya vijana wake. Angekuwa mtu mwingine, Djuma angecheka mpaka machozi yamtoke.

"Donc? Unapata nini?" Chef aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Bado natafuta, Chef."

Audondoshe matopeni? Lakini Chef alikuwa anatazama mikono yake.

"Leta."

Djuma akamwekea kiganjani.

Chef aliugeuza msumari. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Djuma zaidi. Trésor, motard ambaye Djuma amemzibia matairi tangu aanze kazi, alikuwa anangoja zamu yake na wenzake wawili. Wakasogea, wakauona.

"Eh!" Trésor akasema. "Iko ile ile."

Macho yao yalipanda kutoka kiganjani mpaka usoni kwa Chef. Chef akayaona. Akainuka, akaingiza mkono chini ya meza, akavuta kopo na kulimwaga lote juu ya benchi.

"Muangalie wenyewe! Kila siku munalia misumari, misumari. Kumbe quado iko nayo kopo muzima! Mutu akitobokewa, nani anakula?"

"Chef, nilitoa yote mu matairi yao!" Djuma akamgeukia motard. "Trésor, si nilikuwekea mu mukono? Sema, ndugu yangu. Sema tu ile unajua."

Trésor alitazama misumari. Akatazama vijana wenye bunduki pale kwenye kamba. Kesho atapita hapo na abiria, na kesho kutwa.

"Mi najua nini?" akasema. "Mi naletaka tu moto yangu, yeye anaziba tairi."

"Mwizi!" mwenzake mmoja akapiga kelele, kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumtukana bila hatari.

"Bon," Chef akasema. "Tutaenda naye cachot. Lakini amalize kwanza."

Mwezi uliopita walimpeleka mahabusu hivyo hivyo Papa Hubert, muuza mafuta wa hapo jirani. Mke wake hadi leo anazunguka na sahani ya chakula kutoka ofisi hadi ofisi, kila mlango unamwambia hayuko hapa. Djuma alimfikiria mkewe Aïcha na sahani hiyo. Alitamani kukimbia, lakini bunduki zilikuwa pale kwenye kamba.

Akakwangua mpira, akapaka gundi, akabandika kiraka, akarudisha tairi. Mikono ilifanya kazi yake vizuri, na jambo hilo lilimwudhi. Akaanza kupiga pompa.

"Jaza sana," Chef akasema, akipangusa kiti cha nyuma. "Tutapanda wawili."

Djuma akalibonyeza tairi kwa dole gumba, kama anavyomfanyia kila mteja. Bado lilikuwa laini kidogo. Akashika pompa tena.