Upande wa Pili wa Kadi

Tuliambiwa mkutano ule ni shirikishi, yaani hakuna ajenda wala mgeni rasmi wa kutusinzisha. Sisi wenyewe, watu wa maktaba na nyaraka, tungeamua tuzungumze nini kuhusu kuhifadhi mambo kwenye kompyuta. Kila mtu alipewa kadi moja na kalamu nene. Mwezeshaji, kijana mtanashati mwenye kipaza sauti shavuni, akatuambia tuandike linalotukera kisha tulibandike ukutani. Mimi la kunikera nilikuwa nalo, tena tangu Jumanne.

Jumanne hiyo mkurugenzi wetu alitangaza kwamba kadi zote za wodi ya wazazi ya hospitali ya zamani, droo ishirini na mbili, zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Jumatatu litakuja gari la kuzibeba zikachanwe. Nikashuka stoo nikalinganisha kadi na picha zake zilizo kwenye kompyuta. Waliozipiga picha walipiga upande wa mbele tu.

Utaniuliza nyuma kuna nini. Nyuma kuna watu. Kadi zile zilichapishwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga leba, zikawa na nafasi ya mtoto mmoja. Akija wa pili, mkunga aligeuza kadi, akaandika kwa penseli. Ukiisikiliza kompyuta yetu, hospitali ile ilizalisha miaka arobaini bila kupata pacha hata mmoja.

Na yupo mtu anayemtafuta pacha wake. Ni fundi cherehani, mama mtu mzima, tunamwita Kurwa. Jina hilo la pacha wa kwanza alipewa na mama yake, ingawa nyumbani kwao hapakuwahi kuwa na Doto. Aliambiwa mwenzake alikufa siku ileile waliyozaliwa. Mama alipokuwa anakata roho ndipo aliposema ukweli: hakufa, alichukuliwa. Na nani, pumzi haikumfikisha hapo. Tangu hapo kila Alhamisi Kurwa hufunga kibanda chake akaja stoo, tukapekua pamoja kadi moja baada ya nyingine, kwa sababu zililetwa kwa magunia na hazijawahi kupangwa. Tulikuwa tumebakiza droo tano.

Nilimweleza mkurugenzi haya yote. Akanijibu kwamba mbele panatosha, ripoti imeshaandikwa, funika kombe mwanaharamu apite. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Basi nikaandika. Kalamu ilikuwa nene, kadi yenyewe kama kiganja. Mbele paliingia maneno machache tu: "Kadi za wodi ya wazazi. Tafadhali geuza." Nyuma nikaandika mengine yote kwa peni yangu. Miaka ishirini na sita na kadi zile imenizoesha vibaya. Nafasi ikiisha, nageuza. Mwezeshaji akaipaka gundi, akaibandika chini kabisa, penye kichwa cha "Mengineyo".

Siku nzima hakuna aliyeigeuza. Watu walijadili nywila, wakajadili mawingu ya mtandaoni, wakala biskuti. Nilinyoosha mkono mara mbili, nikaambiwa mada zinachaguliwa kwa kura, na kadi yangu ilikuwa na kura moja, yangu. Huo ndio ushirikishi wao.

Jioni mwezeshaji akapiga picha kila kadi kwa simu, akazibandua na kuzitia zote kwenye mfuko mweusi wa taka. Akatutangazia kwamba ukuta wetu umehifadhiwa na hakuna sauti iliyopotea. Mkurugenzi, aliyeketi mbele, akapiga makofi. Nikasimama, nikaomba kadi yangu ionyeshwe kwenye skrini.

Ikatokea, kubwa kama mlango. Mkurugenzi akaisoma, akanigeukia.

"Nyuma umeandika nini?"

"Geuza, bosi," nikamwambia. "Si imehifadhiwa?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwezeshaji akaikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Mkurugenzi akainuka, akachuchumaa na suti yake mbele ya ukumbi mzima, akaanza kupekua mfuko wa taka. Sikumsaidia. Alipoipata alibandua gundi kwa kucha, akasoma palepale alipochuchumaa.

"Wako wangapi hawa walioandikwa nyuma?" akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia usizichane."

Alitoka nje kupiga simu, akarudi akasema gari haliji. Sikumshukuru, na mpaka leo sijamshukuru. Kwani mtu hushukuriwa kwa kutochoma nyumba yenye watu?

Alhamisi Kurwa alikuja kama kawaida. Droo ya kumi na tisa, karibu na mwisho, nilikutana na jina la mama yake. Sikuigeuza. Nilimpa mwenyewe.

Akaigeuza. Penseli ilikuwa imefifia lakini inasomeka: "Wa pili, mvulana. Analia vizuri. Amechukuliwa na mpishi wa wodi. Mama ameridhia."

"Analia vizuri," Kurwa akasema, na yeye mwenyewe machozi yanamdondoka kwenye kanga.

Kisha akatazama mbele, ule upande uliohifadhiwa. Mtoto: msichana. Basi.