Kaya Isiyo na Umeme

Kufikia saa nne asubuhi Fundi alikuwa ameshashusha paneli tano, na zote tano zilikuwa nzima. Alizipima moja moja kabla ya kuzifungua, ingawa hakuna aliyemwagiza apime. Unagusisha nyaya mbili za kipimo, unasoma namba, unajua mgonjwa yukoje. Na mara tano namba zilimwambia kwamba mgonjwa hana ugonjwa.

Akishuka nazo, zilipangwa nyuma ya gari la ofisi na kufunikwa turubai, kama mali ya wizi. Mratibu wa mradi alikaa mbele, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Alikuwa akitia alama kwenye orodha.

Zile paneli alizifunga yeye Fundi, miaka minne nyuma, mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na mmoja. Wakubwa walikuwa wameahidi mbele ya mataifa kwamba kisiwa kitaachana na dizeli ya kuletwa kwa meli na kuishi kwa jua. Mradi wa kwanza ukaja, ukafunga, ukapigwa picha, ukaisha. Sasa umekuja wa pili, mnono kuliko ule, lakini una sharti: unahudumia kaya zisizo na umeme tu, na lazima zifike mia sita. Ofisi ilizunguka kisiwa kizima kutafuta watu wa gizani, ikapata mia mbili na ushee. Giza halikutosha. Ikaamuliwa litengenezwe.

"Si kunyang'anya, dada, ni kubadilisha," Mratibu alimwambia jana, ofisini, mbele ya wenzake. "Hivi vidogo vinashuka. Mhakiki anapita, anakuta hamna, anaandika hamna. Miezi mitatu tu, meli inaleta vikubwa. Hapo nani kaonewa?"

"Hiyo miezi mitatu wanawasha nini?"

"Kwani wewe ni fundi wa waya au fundi wa sera?"

Wenzake waliangua kicheko. Naye akacheka, na hicho ndicho kilichomkosesha raha baadaye, kwamba na yeye alicheka. Mkataba wake ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na mwezi ulikuwa unaishia Ijumaa.

Watu wa kisiwa hicho si wasahaulifu. Wanaukumbuka mwaka wa mbono, walipoambiwa wang'oe mihogo wapande mafuta ya magari. Magari hayakuja, mbono wakabaki nao, hata mbuzi hawautaki. Wanaukumbuka mwaka wa kinu cha upepo, ambacho mpaka leo kimesimama kilimani kikiwa na mapanga mawili badala ya matatu, kinasubiri kipuri, na kunguru wamekigeuza nyumba. Wanayakumbuka na yale majiko yaliyogawiwa wageni walipofika, yakakusanywa wageni walipoondoka. Kila sera ilikuja na fulana yake. Sera ilikwenda zake, fulana ikabaki, na ndiyo wanayolimia.

Nyumba ya sita ilikuwa ya Bibi Sare.

Watu walimwita hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyeshona sare za shule zote mbili, sketi za buluu huku na kaptura za kahawia kule, kwa miaka ambayo hata yeye ameacha kuihesabu. Alikuwa uani anaanika kitambaa alipoiona ngazi inaingia, akafurahi.

"Ee, umenikumbuka. Umekuja kuiosha?"

Kila kiangazi Fundi alipita na ndoo na kitambaa laini, akaifuta ile paneli vumbi na mavi ya ndege. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Alipita kwa sababu siku ya kwanza kabisa, alipoiwasha taa juu ya cherehani, Bibi Sare alitunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada wa mtu, kisha akakaa akiitazama ile sindano.

Njiani Fundi alikuwa ameyapanga maneno ya kumweleza. Kwenye zile nyumba tano aliyasema na watu wakanung'unika wakakubali. Hapa mdomo ulikwenda njia yake.

"Ndiyo, Bibi. Ila siku hizi zinaoshewa ofisini."

"Ofisini? Kuna maji gani huko ambayo hapa hayapo?"

"Kuna dawa yake."

"Haya. Ngoja nikushikie ngazi. Ukiangukia kwangu, mumeo nitamwambia nini?"

Akaishika kweli, kwa mikono miwili, mguu mmoja ameuweka kwenye kipago cha chini. Fundi alipanda. Bati lilikuwa limeanza kupata moto. Bolti zilikuwa nne, na alikuwa amezipaka grisi vizuri zamani hizo, kwa hiyo zilifunguka bila ubishi, na hilo nalo lilimuudhi. Angalau moja ingegoma. Chini Bibi alikuwa akimhadithia habari za mwalimu mkuu aliyeagiza kaptura arobaini, zinatakiwa Jumatatu shule zikifunguliwa, na kwamba safari hii kitambaa ni kigumu kama gunia.

"Kesho utairudisha, sivyo?"

"Nitairudisha," Fundi alisema, uso ameuelekeza kwenye bolti.

Mratibu alipiga honi mara moja, akanyoosha kidole kuelekea ndani. Vyote. Basi Fundi akaingia, akafungua betri, akafungua kisanduku cha chaji, akaivuta chini taa iliyokuwa juu ya cherehani.

Bibi Sare alimtazama toka mlangoni. "Na taa nayo inaoshwa?"

"Vyote, Bibi."

"Mmh," akasema Bibi.

Mhakiki hakuchelewa. Alikuwa kijana wa kutoka ng'ambo, amekuja na boti ya asubuhi na alitaka kuondoka na ya saa tisa. Shati limemganda mgongoni, karatasi amezibana kwenye ubao. Mratibu alishuka garini kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatangulia mbele yake akitabasamu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mhakiki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa, kiti hicho."

"Sikai, nashukuru. Nina swali moja tu. Nyumba hii ina umeme?"

"Upo," Bibi Sare alijibu, na akajinyoosha kidogo. "Mwaka wa nne huu. Wa jua."

Kalamu ilisimama. Mhakiki aliinua macho, akatazama paa tupu, akatazama ndani, ambako waya ulikuwa unaning'inia bila kitu. "Mbona sioni?"

"Umekwenda kuoshwa. Kesho unarudi. Muulize Fundi, huyo hapo, ndiye aliyeuleta."

Wote watatu wakamgeukia. Fundi alikuwa ameishika ngazi. Mratibu alimtazama tu, kama anavyomtazama mtu mwenye mkataba wa mwezi kwa mwezi. Akisema upo, Bibi anafutwa kwenye orodha: paneli ya zamani imo chini ya turubai na haitoki, na mpya hataiona. Akisema hana, Bibi ni mwongo mbele ya mgeni, nyumbani kwake.

"Hana," alisema Fundi.

"Bibi ni mtu mzima sana," Mratibu akadakia kwa upole. "Mara nyingine anachanganya. Alikuwa anaona kwa jirani."

Mhakiki akaandika. Bibi Sare alikaa kwenye kile kiti alichomkaribishia mgeni.

"Mimi nachanganya?" aliuliza. Hakumuuliza Mratibu. "Koroboi niliitupa jalalani siku ile ile, kwa sababu wewe uliniambia niitupe. Mafuta ya taa sasa wameyapandishia kodi, wanasema yanachafua hewa, sawa, nimekubali, mimi nina taa yangu. Hayo nimechanganya?"

"Bibi, wanatoa nyingine kubwa," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Lazima wakute huna."

"Basi ungeniambia. Kusema uongo najua, mwanangu. Mwenzangu aliugua humu miaka miwili nikimwambia kesho utaamka. Ungeniambia, ningewaambia hata macho sina. Lakini wewe umenishikisha ngazi."

Hapo Fundi alikosa pa kuyaweka macho. Aliyaweka kwenye viatu vya Mhakiki, viatu vizuri, vilivyoingia vumbi.

"Sahihi hapa chini," alisema Mhakiki akiutoa ubao, kama mtu asiyesikia kitu. "Kwamba kaya hii haijawahi kuwa na umeme. Au dole gumba, kama hujui kuandika."

"Kuandika najua," alisema Bibi Sare. "Siandiki."

Mhakiki aliangalia saa. Zilibaki nyumba thelathini na nne. "Sahihi ikikosekana nairuka. Kuna mtu mwingine mzima wa familia?"

"Huyu hapa," Mratibu akasema upesi. "Si umesikia anavyomwita? Mwanangu, mwanangu. Ni mwanawe."

"Ni mwanao?"

Bibi Sare alimtazama Fundi. Upepo ukapiga kile kitambaa uani. Ingemtosha kusema siyo, neno moja, lakini hakulisema, akamwachia Fundi.

"Ni mama yangu," Fundi alisema.

Akatia sahihi. Mkono wake ulikuwa na grisi ya zile bolti, ukaacha alama pembeni ya karatasi, na Mhakiki akasonya, akaipuliza, akaigeuza. Uhusiano, mtoto. Umeme, hapana. Nyumba inayofuata. Akatoka na Mratibu wakizungumzia boti.

Fundi alibaki amesimama. Asingeweza kusema amelifanya lile kwa ajili ya Bibi au kwa ajili ya Ijumaa, hata angebanwa vipi.

"Miezi mitatu, Bibi. Nitaifunga mimi mwenyewe."

Bibi Sare alichukua kipande cha kitambaa cha kahawia kutoka kwenye mabaki, akamtupia. "Futa mikono. Usije ukachafua na kwa wenzangu."

Kisha akainuka, akaishika meza ya cherehani kwa upande mmoja, akaanza kuiburuta kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Miguu ya chuma ilikwaruza sakafu. Fundi akaacha ngazi, akakimbilia upande wa pili.

"Acha," alisema Bibi Sare. "Hii naiburuta tangu hujazaliwa."